Kubadilisha rimu bila tairi kukwaruza: somo kwa wenye magari Malindi

Dukani, gari likiwa tupu, kila rimu huonekana imekaa sawa. Kelele huanza kwenye matuta, abiria wakiwa wamejaa. Kwa hiyo pimeni kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza: matundu. Vitz na Probox zina nati nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni 54.1. Tundu likiwa kubwa zaidi, tia ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetema hata baada ya kubalansi. Hewa yetu ya chumvi hutia kutu habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa. Isugue kwa brashi ya waya.

Hatua ya pili: ofseti. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Tazama nyuma ya rimu, utaona mfano ET45. Hizo ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Namba ikishuka, gurudumu latoka kuelekea fenda. Ikipanda, laingia kuelekea shoki. Tuseme una rimu ya upana wa inchi 6, ET45, unataka ya inchi 7, ET40. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande unaongezeka 12.7. Ofseti imepungua 5: nje unasogea 17.7, ndani 7.7. Chukua rula upime nafasi uliyonayo hadi kwenye shoki. Kama ni milimita 8, iache hiyo rimu, hata muuzaji akuapie.

Hatua ya tatu: kimo. Tairi la 185/60R15 (upana milimita 185, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kimo cha milimita 603. La 195/50R16 lina 601, salama. La 195/60R16 lafika 640, yaani juu limekula karibu milimita 19 za nafasi.

Hatua ya nne: jaribio. Paka chaki ubavuni mwa tairi, kata usukani hadi mwisho pande zote, ukienda mbele na nyuma. Kisha pakia watu, panda tuta kwa mshazari. Chaki ikihamia kwenye fenda, umepajua panapogusa.

Nati zifuate umbo la matundu ya rimu. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, na ukifika Kilifi, magurudumu yakipoa, kaza tena.

*Swali, Mambrui:* Salaam fundi. Langu hukwaruza nyuma nikibeba magunia tu. Nikunje fenda?

*Jibu:* Aleikum salaam, ndugu yangu. Anza na springi, huenda zimechoka. Kukunja fenda hupasua rangi, na pwani kutu haichelewi.

*Swali:* Spesa, ile sahani ya kutia kati ya rimu na habu, ya milimita 15 je?

*Jibu:* ET45 inakuwa ET30. Yafaa ikiwa tairi lagusa ndani. Likigusa nje, umezidisha.

*Swali:* Nanunua rimu sasa, gari nitalishusha kimo mwezi ujao. Kuna neno?

*Jibu:* Lipo. Lishushe kwanza, kisha upime. Vipimo vya leo havitakufaa tena.