Jinsi ya kutyuni tabla

Tabla ni jozi ya ngoma ndogo za Kihindi; ile ya kulia, dayan, ni ya mbao, na ule mduara mweusi katikati ya ngozi ni uji wa unga na vumbi la chuma uliopakwa tabaka kwa tabaka, kazi ya fundi hiyo, kwa hiyo nyundo isiuguse kabisa jamani. Anza na vile vipande vya mbao vilivyobanwa na mikanda ubavuni, ukivigonga kushuka chini sauti inapanda, ukivirudisha juu inashuka. Halafu malizia kwenye ukingo uliosukwa, gonga kidogo kidogo upande huu kisha ule unaotazamana nao, sikiliza kila sehemu mpaka zote zilie sawa na Sa ya mwimbaji, yaani noti yake ya msingi. Kujaribu, piga pigo linaloitwa "na": kidole cha pete kiguse kwa wepesi tu pembeni ya weusi, cha shahada kipige ukingoni kiruke hapo hapo, kikikaa sauti inazimika.