Video ya sayansi: gawa kazi kati ya maneno na picha

Kabla hujaanza kurekodi chukua skripti yako uipitie sentensi moja moja, ujiulize mtu akisikia hapa macho yake yanaangalia nini. Wengi wanaandika maneno mpaka mwisho alafu ndo wanatafuta picha za kubandika, matokeo yake sauti ikisema maabara tunaonyeshwa mtu kavaa koti jeupe, na hiyo picha haijaongeza chochote.

Chukulia umbali wa mwezi. Michoro mingi inauweka ubavuni mwa dunia, kwa hiyo hata ukitaja kilomita 384,400 kwa sauti nzito mtu ataondoka na alichokiona, maana macho yanashinda masikio. Sasa fanya hivi: weka dunia kama kiduara kidogo pembeni kushoto, anza kupanga viduara vingine vya saizi ile ile kimoja kimoja, usitaje namba kwanza, sema tu "bado... bado...", vikifika 30 ndo mwezi utokee, upana wake kama robo ya dunia, alafu hapo ndo utaje kilomita. Namba ikija mwishoni inakuta mtu tayari kashaona inamaanisha nini.

Neno na picha vitoke pamoja. Ukisema "hii hapa" mshale uwe umeshafika, ukichelewa hata kidogo mtu anaanza kutafuta na sentensi inayofuata inampita. Na usijaze skrini maandishi yale yale unayoyasoma! Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani amelipima sana hili, na watu kwa kawaida wanajifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko picha na sauti ukiongeza na maandishi yanayorudia sauti. Weka jina gumu au namba tu, inatosha. (Manukuu kwa wasiosikia au wanaojifunza lugha ni kitu kingine, hayo yaweke.)

Rangi nayo inaongea, na hapa naomba tuwe waaminifu kabisa. Ile picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotolewa 2019 imetokana na mawimbi ya redio ambayo jicho halioni, rangi ya chungwa waliichagua watu. Virusi vya korona ni vidogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona, kwa hiyo ule wekundu ni wa mchoraji. Sio kosa kupaka rangi, ila sema hivyo picha ikiwa bado ipo kwenye skrini, usisubiri mwisho wa video.

Muziki weka chini au toa kabisa.

Ukimaliza kuediti sikiliza video umefumba macho, sehemu unayoielewa yote bila kuona ujue picha yake imekaa bure. Alafu mwonyeshe mtu asiyeijua hiyo mada, usimuulize kama kaelewa maana atakujibu ndiyo, mpe karatasi achore alichokiona.