Namna ya kutambua mrengo wa mhafidhina kwa anavyomtazama binadamu

Anayeanza kusoma siasa huambiwa kwamba wahafidhina, yaani watu wanaotaka kuhifadhi taratibu zilizozoeleka, wanamwona binadamu kuwa kiumbe mwenye kasoro. Ni kweli, ila ukiishia hapo hutaweza kumtenganisha Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18, na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1980, wala kueleza kwa nini watu wanaokubaliana kwamba binadamu si malaika wanagombana juu ya kodi, polisi na shule. Swali la kuuliza ni hili: kasoro yenyewe iko wapi? Kichwani, moyoni, au katika hali anamoishi? Kila mrengo unaiweka mahali pake, na dawa inafuata palipo na ugonjwa.

Anza kwa kuchagua andiko linalohusu uhalifu. Maandishi ya uchumi huficha mawazo ya mwandishi nyuma ya takwimu, lakini anayezungumzia wizi hana budi kusema kwa nini mtu huiba. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Pigia mstari kila sentensi ambayo kiima chake ni "watu", "binadamu" au "raia", kisha andika pembeni majibu ya maswali matatu: kasoro iko wapi, inarekebishika au la, na nani mwenye kazi ya kuizuia. Usiangalie jina la chama cha mwandishi kabla ya kumaliza, maana ukishalijua utayasoma majibu uliyokwisha kuyatarajia.

Kasoro ikiwa kichwani, yaani akili ya mtu mmoja ni fupi kuliko ugumu wa dunia, uko karibu na uhafidhina wa kimapokeo. Msingi wake ni kitabu cha Burke cha mwaka 1790 kilichopinga Mapinduzi ya Ufaransa. Kuna sentensi moja humo inayofaa kusomwa polepole. Anasema tunaogopa kuwaacha watu waishi na kufanya biashara kila mmoja kwa akiba yake mwenyewe ya akili, kwa kuwa tunashuku akiba hiyo ni ndogo kwa kila mtu. Heri watumie benki na mtaji wa jumla wa mataifa na wa zama. Tazama anachosema na asichosema. Hasemi watu ni waovu. Anasema kila mmoja ana kidogo, na kingi kimewekwa katika desturi, sheria, dini na familia. Ndiyo maana Burke huyohuyo alikubali mabadiliko ya taratibu, na aliandika kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Kwake, kijana anapovunja duka, swali la kwanza ni taasisi ipi iliyolegea iliyokuwa ikimlea.

Kasoro ikiwa moyoni, mambo yanabadilika kabisa. Mwandishi Mkatoliki Joseph de Maistre alikimbia kutoka kwao Savoy, eneo lililopakana na Ufaransa, majeshi ya Ufaransa yalipoingia huko mwaka 1792, naye alimwona binadamu kuwa kiumbe aliyeharibiwa na dhambi ya asili. Katika majadiliano yake ya Saint Petersburg, yaliyochapishwa mwaka 1821, anasema ukuu wote na utii wote umesimama juu ya mnyongaji: mwondoe duniani, na papo hapo utaratibu unageuka vurugu. Huu ni uhafidhina wa kimabavu. Hapa hakuna mageuzi ya polepole. Kinachotakiwa ni mamlaka isiyohojiwa, kwa kuwa mtu anayeruhusiwa kuhoji atahoji hadi abomoe. Kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote ni kumweka Maistre kapu moja na Burke kwa sababu wote wawili waliyapinga Mapinduzi. Walimpinga adui mmoja kwa sababu tofauti. Burke alihofia watu wanaojiona wana akili kuliko walivyo. Maistre aliona uasi dhidi ya Mungu.

Mrengo wa taifa moja, unaohusishwa na Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza wa karne ya 19, unashikilia kwamba binadamu hawezi kuwa mtu kamili nje ya jamii yake. Riwaya yake ya mwaka 1845 ililia juu ya mataifa mawili ndani ya Uingereza, matajiri na maskini wasiojuana, na mwaka 1875 serikali yake ikapitisha sheria za afya ya umma na za makazi ya wafanyakazi. Ukikuta andiko linalotetea vyeo na mali lakini linawadai wenye navyo wawajibike kwa walio chini, ni la mrengo huu. Wengi hulikosea wakadhani ni la kisoshalisti. Angalia kama linataka usawa. Kama halitaki, si la kisoshalisti.

Mrengo Mpya wa Kulia, ulioshika hatamu Uingereza mwaka 1979 chini ya Thatcher, unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa una binadamu wawili ndani yake. Wa kwanza ni mtu anayejua maslahi yake na anayeweza kujipangia maisha. Ndiye aliyelengwa na sheria ya mwaka 1980 iliyowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua. Wa pili ni mtu dhaifu wa maadili anayehitaji kubanwa; kwa ajili yake serikali hiyohiyo ilikaza nidhamu katika baadhi ya vituo vya kuzuilia vijana wahalifu: kifungo kifupi, kwata na ukali. Kwa hiyo usitafute jibu moja. Andika mawili, na uonyeshe kila moja linatawala eneo gani: la kwanza sokoni, la pili mtaani na nyumbani. Na ukinukuu kauli ya Thatcher ya mwaka 1987 kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii, nukuu pia kinachofuata: kuna wanaume na wanawake mmoja mmoja na kuna familia, watu hujitazama wao kwanza, na ni wajibu wetu kujitunza na kisha kusaidia kumtunza jirani. Aliyekata kauli hiyo katikati hawezi kueleza kwa nini huyo ni mhafidhina.

Mwanauchumi Friedrich Hayek ndiye anayewachanganya wasomaji. Anakubaliana na Burke kwamba akili ya mtu mmoja ni finyu, ila dawa yake kuu ni bei za soko, zinazokusanya ujuzi uliotawanyika kwa mamilioni ya watu. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliweka sehemu nzima kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Mheshimu katika hilo: mtaje kama chanzo cha mawazo ya mrengo, usimtaje kama mwakilishi wake. Mwanafalsafa wa siasa wa Uingereza, Michael Oakeshott, alimkosoa mwaka 1947 akisema mpango wa kupinga mipango yote huenda ukawa afadhali kuliko kinyume chake, lakini ni siasa za mtindo uleule.

Oakeshott mwenyewe atakukwamisha kwenye swali la kwanza. Katika insha yake ya mwaka 1956 alisema uhafidhina ni mwelekeo wa mtu kupenda alichokizoea kuliko asichokijua, na kwamba katika siasa hauhitaji imani yoyote maalumu juu ya dini au maumbile ya ulimwengu. Kwa hiyo usimlazimishie dhambi ya asili. Pale pembeni andika "mwelekeo", basi.

Kwa wahafidhina mamboleo wa Marekani, tafuta neno "tabia" na mazingira yanayoijenga. Makala ya wanazuoni James Q. Wilson na George Kelling ya mwaka 1982 juu ya madirisha yaliyovunjika ndiyo mfano ulio wazi: dirisha moja lisilotengenezwa linatangaza kwamba hakuna anayejali, na uvunjaji unaongezeka. Mtu hapa si mwovu wala si mjinga; anasoma dalili za mtaa na kuzifuata.

Hotuba nyingi za wahafidhina wa Marekani zitakupa majibu yanayogongana katika aya mbili zinazofuatana. Si lazima uwe umekosea. Jarida la kihafidhina la National Review lilianzishwa mwaka 1955, na Frank Meyer, mmoja wa waandishi wake, alitumia kurasa zake kuunganisha uhuru wa soko na maadili ya kimapokeo. Hotuba ya namna hiyo igawe aya kwa aya, weka kila aya chini ya mrengo wake, halafu tafuta sentensi inayoziunganisha. Kwa Meyer sentensi hiyo ni kwamba wema usiochaguliwa kwa hiari si wema. Kama huioni sentensi ya namna hiyo, andika kwamba mwandishi hakuunganisha.