Una mkopo benki alafu janga kama corona limeingia? Fanya hivi mapema

Wadau wa Chuga (Arusha) na Moshi, hasa nyie wa matua, yani mnaotembeza watalii, 2020 mimi nilizembea na nililia, kwa iyo naandika ili mwingine asizembee.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, tena hapa hapa kwetu Arusha, alikuwa abiria aliyeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Aprili 11 ndege za abiria za kimataifa zikazuiwa, Mei 18 zikaruhusiwa lakini kuruhusu ndege na kupata mgeni ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2019 tulipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, 2020 wakawa laki 6 na kidogo. Gari langu la tua lilikuwa la mkopo na lilipaki mtaani Sakina mpaka kuku wakataga chini yake, nyie chekeni tu.

Kitu cha kwanza, jua nafuu inapitia mlango gani. Marekani walitumiwa hela kabisa, dola 1,200 kwa mtu mzima wa kipato cha kawaida, Kenya wakashusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) toka asilimia 16 mpaka 14 kwa iyo hata anayenunua sabuni inamgusa. Sisi nafuu kubwa ilipita benki. Tarehe 12 Mei BoT (Benki Kuu) ilitangaza kwamba kwenye kila shilingi 100 za amana, yani hela wateja walizoweka, benki ilikuwa lazima iweke 7 kule BoT, sasa itaweka 6, na riba ambayo benki zenyewe zinakopea BoT ikatoka asilimia 7 ikawa 5. Sasa iyo shilingi moja iliyobaki, benki ndio inaamua impe nani, na sio lazima awe wewe muuza vitunguu wa soko la Kilombero. Ila kuna kipengele kimoja kilituhusu moja kwa moja: benki ziliruhusiwa kuwapangia upya mikopo wateja walioyumba, kwa kumwangalia mmoja mmoja. Soma tena hapo, ZILIRUHUSIWA, hazikulazimishwa.

Mimi nilisikia redioni nikajua nafuu ishapitishwa, nikakaa nyumbani nasubiri simu ya benki, Julai nimeenda naambiwa mkopo wako ushachelewa siku nyingi, ungekuja mapema tungeongea. Kwa iyo we andika barua kabla tarehe ya rejesho haijafika. Ambatanisha emeili za wageni walioahirisha na steitimenti ya akaunti ionyeshe hela zilivyokatika, useme unaomba nini hasa, mfano kulipa riba tu miezi sita au kuongezewa muda, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo na afisa mikopo hayana maana maana kesho anahamishiwa Singida.

Alafu usifurahi haraka, kupangiwa upya sio kusamehewa. Tuseme unadaiwa milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, hapo riba ni kama laki 3 kwa mwezi, ukipumzika miezi sita bila kulipa chochote umeshaongeza milioni 1.8 juu ya deni. Omba jedwali jipya la marejesho ulipige hesabu nyumbani kabla ya kusaini, na ukiweza lipa japo riba. Na tafadhali usiende kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili ulipe benki.

TRA, watu wa kodi, nao. Wale wanaolipa kodi ya mapato kwa makadirio ya mwaka wa kalenda, awamu ya kwanza ya kulipa ni mwisho wa Machi, yani 2020 ilikuwa wiki mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza, wengi walikadiria kwa akili za mwaka wa wageni wengi. Makadirio yanarekebishwa, nenda na vitabu vyako.

Kama umeajiriwa na unachangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kuna fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia miezi 18 au zaidi unapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Mtego ni kwamba ukiacha kazi mwenyewe hupati, kwa iyo bosi akikwambia andika barua ya kuacha kazi "tutakuita hali ikitulia", usiandike, mwambie akuandikie yeye kwamba amekupunguza.

Sasa wagumu wetu, yani wapagazi wa mlimani, mizigo mgongoni na mkataba hamna, hapo juu kote hamguswi. Chenu ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba ila lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Kusajili kunachukua muda, kwa iyo muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata saa hizi wakati wageni bado wanapanda, mlima ukifungwa foleni hapo ofisini itafika barabarani.