Kuhamia shamba na farasi Kentucky: anza na ardhi, nyumba itafuata

Waswahili tumeongezeka sana Lexington na miji ya jirani, Wakongomani hasa, na sasa wapo wenzetu waliochoka kukodi apatimenti ambao wanatafuta shamba. Baadhi yao wamefanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mbio, wamewazoea wanyama hawa na wanataka wa kwao wawili au watatu. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba dalali akikuonyesha nyumba, wewe mwombe akupeleke kwanza nyuma ya banda. Tazama maji, nyasi na uzio, uliza daktari wa mifugo yuko umbali gani, ndipo uingie jikoni. Jiko baya hurekebishwa. Bonde linalotuama maji kila Februari litakutesa miaka yote utakayoishi pale.

Sifa ya eneo hili inatoka chini ya ardhi. Kaunti za Fayette (ndiyo yenye Lexington), Woodford, Bourbon, Scott na Jessamine zimekaa juu ya mawe ya chokaa, na udongo wake una kalsiamu na fosforasi nyingi, madini ambayo farasi anayekua anayahitaji kwa mifupa. Ndiyo maana mashamba makubwa yapo hapo, na ndiyo maana bei ya ekari inatisha. Ukielekea kaskazini, kwenye vilima vya Owen na Grant, ardhi ni nafuu, ila miteremko ni mikali na udongo ni wa mfinyanzi, unaoteleza ukilowa. Farasi wawili wa kupanda wanaweza kuishi vizuri sana kule, lakini tafuta kipande chenye sehemu tambarare ya kutosha. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani ya udongo mtandaoni, bure, inayoonyesha shamba lolote kipande kwa kipande. Isome kabla hujawasha gari.

Chokaa hiyohiyo ina hatari yake. Maji huila polepole, ardhi inadidimia na kufanya mashimo. Ukitembea malishoni utaliona: duara lililobonyea kama sahani, nyasi zake za kijani kuliko za jirani, na katikati pengine kuna friji kuukuu, matairi na seng'enge iliyokunjwa, kwa sababu wenye mashamba wa zamani walizoea kutupa takataka humo. Kinachoingia kwenye shimo lile kinashuka moja kwa moja kwenye maji ya chini. Kwa hiyo kama shamba linategemea kisima au chemchemi, pima maji kabla ya kusaini, na shimo lizungushie uzio farasi asivunjikie mguu humo. Kama bomba la maji la kaunti linapita barabarani, hilo ni jambo la kulipia zaidi. Farasi mmoja anakunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na siku za joto huzidisha, kwa hiyo usipange maisha yako juu ya kubeba ndoo.

Sheria za ardhi nazo hutofautiana kutoka kaunti hadi kaunti. Lexington iliweka mpaka wa ukuaji wa mji mwaka 1958, na tangu 1999 kiwanja kipya kwenye eneo la kilimo la Fayette hakiwezi kuwa chini ya ekari 40. Vipande vya ekari 10 vilivyokatwa kabla ya hapo bado vipo, lakini ni ghali kwa kuwa havitengenezwi tena. Wengi wetu tutatafuta kaunti za pembeni. Huko, nenda mwenyewe ofisi ya mipango uulize kwa anwani kamili: farasi wanaruhusiwa? Wangapi? Banda linahitaji kibali? Mpigie pia mthamini wa mali wa kaunti. Kentucky inatoa unafuu wa kodi kwa ardhi ya kilimo kuanzia ekari 10 zilizoungana, lakini farasi wa starehe huenda wasihesabiwe kama ufugaji. Jibu lake lipate kwa maandishi.

Kuhusu ukubwa, wafugaji wa hapa husema ekari mbili kwa kila farasi kama unataka wale nyasi majira ya joto bila kugeuza shamba kuwa vumbi. Majira ya baridi hakuna malisho ya maana. Farasi wa kilo 500 anahitaji karibu kilo 10 za majani makavu kila siku, na kwa siku 150 hizo ni kilo 1,500. Kwa marobota madogo ya kilo 20 hivi, ni marobota 75 kwa farasi mmoja, yakae mahali pakavu. Nunua kiangazi, shambani, wakati mkulima anavuna. Anayengoja Januari ananunua kwa bei ya Januari. Ndiyo sababu nauliza kuhusu wakulima wa majani jirani kabla sijauliza idadi ya vyumba.

Nyasi zenyewe zinahitaji jicho, hasa ukiwa na farasi jike mwenye mimba. Malisho mengi ya Kentucky yamejaa nyasi ngumu iitwayo feskyu (kwa Kiingereza tall fescue), na ndani ya majani yake anaishi kuvu asiyeonekana. Farasi wengine huila bila tatizo kubwa, lakini jike anayeila mwishoni mwa mimba anaweza kupitiliza siku zake, kuzaa kwa shida, na akizaa kiwele ni kikavu: mtoto anasimama kwa miguu inayotetemeka, ananyonya, hapati kitu. Inaumiza kuiona, na inazuilika kwa kumtoa kwenye malisho hayo siku 90 za mwisho. Kila moja ya kaunti 120 za jimbo hili ina ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Watakusaidia kutambua nyasi na kupima udongo. Tumieni huduma hiyo, ipo kwa ajili yenu.

Kagua na miti. Majani ya mti wa mepo mwekundu (red maple) yaliyonyauka yanaua farasi. Maranda ya mjozi mweusi (black walnut) yakitandikwa bandani yanaleta ugonjwa wa kwato. Mcheri mwitu (wild cherry) huvutia viwavi wanaofuma mahema ya utando, na mwaka 2001 viwavi hao walihusishwa na kuharibika kwa maelfu ya mimba za farasi katika eneo hili.

Seng'enge yoyote ya miba ing'oe kabla farasi hawajafika.

Sasa watu. Lexington ina hospitali mbili kubwa za farasi zinazojulikana dunia nzima, Hagyard na Rood & Riddle. Msokoto wa tumbo ukimpata farasi usiku wa manane, kinachoamua ni dakika za barabarani, na kama una trela au jirani mwenye trela. Fundi wa kwato lazima aje kila wiki 6 hadi 8. Mpigie kabla ya kununua: anafika barabara ile, na kwa farasi wawili tu?

Na kuna suala letu sisi. Shambani utakuwa mbali na msikiti, kanisa na sherehe za wenzetu, na ukifanya zamu ya usiku kiwandani katika mji jirani wa Georgetown, nani atalisha alfajiri? Ngozi yetu pia inaonekana kutoka mbali. Nenda kwenye duka la chakula cha mifugo la mji ule, zungumza na muuzaji, jitambulishe kwa majirani wa pande zote mbili. Namna watakavyokupokea itakuambia mengi, na mimi nimeona majirani wazuri kupita kiasi. Rudi tena siku ya mvua ya Februari uone matope ya getini, na tena Agosti uone kilichobaki cha nyasi.

Ukitoka jimbo jingine, mwombe daktari cheti cha afya na kipimo cha damu cha Coggins (cha ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi) wiki kadhaa mapema, pamoja na chanjo za pepopunda, kichaa cha mbwa, homa ya Nile Magharibi na homa za ubongo zinazoletwa na mbu. Farasi akishafika, usimwachilie kwenye nyasi changa za Aprili siku nzima. Anza na dakika 15, ongeza kidogo kila siku, huku akiendelea kupewa majani makavu aliyoyazoea.