Sukari ya Mgonjwa Ikishuka: Yanayopasa Kufanywa Nyumbani

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kisukari, kuanzia Kondele hadi Kaptembwo, zimeshika somo moja: mkingeni na sukari. Mkebe hufichwa, soda hazinunuliwi. Kisha siku sukari ya damu inaposhuka, watu wanaogopa kumpa kitu kile kile ambacho kwa dakika hizo ndicho dawa yake.

Walio hatarini zaidi ni wanaojidunga insulini na wanaomeza glibenklamaidi au glimepiraidi, kwa hiyo someni majina kwenye pakiti. Metformini peke yake ni nadra kuishusha.

Dalili huanza mwilini: jasho baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Zikipuuzwa hupanda kichwani. Anaongea ovyo, anapepesuka, anakuwa mkali, anasukuma hata kikombe anachopewa. Hapo ndipo majirani husema mzee amelewa au amepandwa na mapepo. Ni ubongo uliokosa chakula; msibishane naye, mshikieni kikombe. Wanaotumia dawa za presha kama propranololi au atenololi huenda wasitetemeke kabisa, kwa hiyo kwao angalieni jasho.

Mpimeni kama mashine ipo. Mnawisheni kidole kwanza na kukikausha, maana kidole kilichomenya embe huongeza namba, na mnaweza kuona 7 huku damu ikiwa na 3 (namba zote hapa ni za mmol/L, kipimo cha mashine). Chini ya 4 ni kushuka. Chini ya 3 ni hatari kubwa. Stripi, vile vipande vya kupimia damu, zimekwisha? Mtibuni tu. Sukari iliyopanda kidogo kwa saa moja haina madhara ya kulinganishwa na kuchelewa.

Anahitaji takriban gramu 15 za sukari ya kuingia haraka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa vya sukari au glukosi ya unga, vikorogwe katika nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Soda isiyotiwa sukari haisaidii hata kidogo. Chapati, chokoleti na njugu zina mafuta yanayochelewesha sukari kufika kwenye damu. Miwa nayo, ingawa upande wa Mumias na Muhoroni haikosekani, hutafunwa polepole mno na inaweza kumkwama kooni aliyechanganyikiwa.

Ngojeni dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, kisha pimeni tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudieni kiasi kile kile. Kosa la kawaida ni kummiminia chupa nzima kwa hofu na kuongeza nyingine juu yake. Baadaye mashine inasoma 20, mtu anazidisha insulini ili kuishusha, na usiku inaanguka upya. Ikishapita 4, na mlo wake ukiwa bado mbali, mpeni ugali kidogo, kiazi kitamu au kipande cha mkate.

Akizimia au akipata degedege, msimtie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu. Kama kliniki iliwapa glukagoni, sindano ya dharura inayopandisha sukari, mdungeni miligramu 1 pajani, kisha safari ianze. Tafuteni gari, kwa sababu mtu asiyejiweza huanguka kwenye boda boda. Nendeni kituo cha karibu kinachoweza kumtundikia glukosi. Msikipite eti mfike hospitali ya rufaa mjini. Aliyemeza glibenklamaidi, hata akizinduka na kuomba kurudi nyumbani, abaki chini ya uangalizi, kwani sukari inaweza kushuka tena ndani ya saa 24, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu.

Chanzo mara nyingi ni ratiba ya nyumbani. Insulini ya mchanganyiko, yaani ya haraka na ya polepole pamoja, hudungwa nusu saa kabla ya kula. Sasa mama amejidunga, na makaa hayajashika moto. Chakula kiwe kimeiva ndipo sindano ishikwe. Msimu wa kulima, misuli huendelea kunyonya sukari saa nyingi baada ya jembe kuwekwa chini, kwa hiyo aongeze kitafunwa na apimwe kabla ya kulala. Chang'aa na busaa huzuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na kwa mlevi hata glukagoni huenda isifue dafu. Anayetaka kufunga na kanisa azungumze na daktari kabla ya siku hiyo.

Shuka zilizolowa jasho, jinamizi na kichwa kuuma asubuhi ni ishara za kushuka usiku. Mpimeni saa tisa usiku kwa siku chache, andikeni namba, saa na alichokula, kisha pelekeni daftari kliniki ili dozi ipunguzwe. Msiikatize insulini wenyewe kwa woga. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa hata siku moja au mbili, damu inaweza kujaa asidi, na hiyo nayo huua.