Gumzo la Ngaahika Ndeenda: anzia kwa Gathoni, siasa itakuja yenyewe

Wengi wakiitisha gumzo la huu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wanaanza na nani alifungwa na serikali ilisema nini, na kabla hujajua wazee wanabishana habari za Kenyatta, vijana wote wako kwa simu. Mi nashauri uanze na mapenzi. Gathoni anapendana na John Mũhũũni, kijana wa tajiri Kĩoi, na huyo Kĩoi ndiye bosi wa babake, Kĩgũũnda.

Chagua ile sehemu akina Kĩoi wanakuja nyumbani kwa Kĩgũũnda, gawa nafasi, watu wasome kwa sauti wakiwa wamesimama. Wasiojua Gĩkũyũ wapate Nitaolewa Nikipenda, ile ya Kiswahili. Kisha uliza swali moja tu, Gathoni alipendwa ama alichezewa? Hapo nyamaza kabisa, hata kimya kikiwa kirefu, manake wanawake wengi huwa wana la kusema hapa na wakikatizwa hawarudi tena.

Wakishapoa waonyeshe ukuta wa hiyo nyumba mchezoni. Kĩgũũnda ametundika taito, yaani hati ya kumiliki shamba, ekari moja na nusu, ndo mali yake yote. Wazazi wanadhani wageni wamekuja kuposa, kumbe wanawaambia wao wenyewe wafunge harusi ya kanisa, basi wanachukua mkopo wa benki kwa hiyo taito na mwisho shamba linaenda na anayelinunua ni Kĩoi. Mtu lazima atauliza, sasa uhuru ulipiganiwa na nani na ardhi akapata nani? Ngoja aulize mwenyewe, usimtafunie.

Saa hiyo ndo unaleta Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru mchezo ulikochezwa. Wanakijiji, wafanyakazi na wakulima, walijijengea jukwaa la wazi na kuuigiza kwa lugha yao 1977, wiki chache tu kibali kikaondolewa, Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima, 1982 jukwaa likabomolewa. Waulize kwa nini hadithi ya binti na harusi iliogopwa hivyo, na mwenye familia iliyopoteza shamba mpe muda wake wote hata kama ratiba itavurugika.

Mtu akisema Gathoni ni alama tu ya nchi, mrudishe kwa binti mwenyewe, ana mimba na amekataliwa na John, aseme yeye angemwambia nini.